Timu Iliyofika Kabla ya Treni

Jumapili ya tarehe 7 Novemba 1976, Uwanja wa Thống Nhất ulifurika watu. Mji wenyewe ulikuwa bado unajifunza jina lake jipya: miezi minne nyuma, Saigon ilikuwa imegeuzwa kuwa Jiji la Ho Chi Minh. Uwanja nao ulikuwa umebadilishwa jina. Zamani uliitwa Cộng Hòa, yaani Jamhuri. Vita vilipokwisha Aprili 1975 ukaitwa Thống Nhất, neno ambalo Wavietnam hulitumia kwa kitu kilichotengana kikaungana tena. Siku hiyo ndipo jina lilipopata kazi ya kufanya. Timu ya Kaskazini ilikuwa imeshuka kucheza na timu ya Kusini, katika nchi iliyokatwa vipande viwili tangu mwaka 1954.

Wageni walikuwa Tổng cục Đường sắt, timu ya Idara Kuu ya Reli kutoka Hanoi. Wenyeji walikuwa Cảng Sài Gòn, timu ya Bandari ya Saigon. Reli na Bandari: msomaji aliyekulia Morogoro au Mombasa hana haja ya kuelezwa timu za namna hiyo zilivyo, mchezaji akiwa ni mtumishi wa shirika na shabiki akiwa ni jirani yake wa kota.

Bandari walimtegemea beki Phạm Huỳnh Tam Lang, nahodha wa ile timu ya Vietnam Kusini iliyobeba Kombe la Merdeka kule Malaysia mwaka 1966. Watu wa Saigon walimjua kama wanavyoijua mitaa yao. Reli hawakujulikana na mtu. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na njia ya shabiki wa Kusini kumwona mchezaji wa Kaskazini, na wa Kaskazini aliwasikia wa Kusini kama anavyosikia habari za nchi nyingine.

Reli walishinda 2-0. Bao moja lilifungwa na Lê Thụy Hải. Lingine lilifungwa na mshambuliaji kijana wa Hanoi aliyeitwa Mai Đức Chung.

Kuna jambo moja kuhusu siku hiyo ambalo ni rahisi kulipita. Njia ya reli kati ya Hanoi na Saigon, kilomita 1,726, ilikuwa haijaunganishwa. Kwa miaka mingi reli ndiyo iliyokuwa shabaha ya mabomu. Daraja la Long Biên, linalovuka Mto Mwekundu pale Hanoi, ndege za Marekani zililipiga mwaka 1967 na kulirudia mwaka 1972. Madaraja na mataruma yalitengenezwa kipande kwa kipande, na treni za kwanza za kuunganisha miji hiyo miwili ziling'oa nanga tarehe 31 Desemba 1976. Maana yake timu ya Reli ilifika Saigon karibu wiki nane kabla ya treni.

Kijana aliyefunga bao siku ile alikuja kuwa kocha, na katika ukocha wake amekuwa akifika hivyo hivyo: anatangulia mahali, kisha njia ndiyo inajengwa kumfuata.

Mwalimu

Kwa Wavietnam jina la ukoo hutangulia na jina la kuitwa huja mwisho, kwa hiyo Mai Đức Chung ni Chung. Wachezaji wake hawamwiti kocha. Humwita thầy, neno linalomaanisha mwalimu, lile lile analoitwa anayefundisha hesabu darasani. Mtanzania ataelewa mara moja, maana wachezaji wake nao wakihojiwa baada ya mechi husema "tunafuata maelekezo ya mwalimu". Ila Kivietnam kinakwenda hatua moja mbele. Hakina neno moja la "mimi" la kutumia na kila mtu. Kila anayezungumza hujipa nafasi ya undugu mbele ya anayemsemesha. Mchezaji akimwita kocha mwalimu, yeye mwenyewe hujiita mdogo wako, au mwanao. Heshima na wajibu vimeshasemwa kabla sentensi haijaisha.

Chung alicheza katika zama ambazo mpira Kaskazini ulikuwa kazi ya pembeni ya watumishi wa umma. Timu zilikuwa za jeshi, za polisi, za bandari, za mashirika. Mwaka 1980, ilipoanzishwa michuano ya kwanza ya ubingwa wa nchi nzima iliyoungana, timu 17 zilishindana na kombe likaenda kwa Reli. Katika orodha ya mabingwa wa Vietnam jina la Tổng cục Đường sắt linakaa juu kabisa, na limetokea mara hiyo moja tu. Ligi ya kulipwa ilipoanza miaka ishirini baadaye, timu hiyo haikuwamo.

Waliobaki ni watu wake. Lê Thụy Hải, yule mfungaji mwenzake Chung, akawa kocha mkali wa mdomo na mwenye mafanikio. Aliipa Bình Dương ubingwa wa ligi mwaka 2007, 2008 na 2014. Alifariki mwaka 2021. Tam Lang, nahodha wa Bandari, naye aliifundisha timu yake ile ile na kuipa makombe zaidi ya mara moja kabla ya kufariki mwaka 2014. Ukiwapanga watu wa mechi ile ya 1976 kwa makombe ya ligi ya wanaume, Chung atakaa chini yao wote wawili. Yeye alipelekwa upande mwingine.

Jembe alilopewa

Mwaka 1997 Vietnam iliunda timu ya taifa ya wanawake, na Chung akawa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuifundisha tangu siku zake za mwanzo. Hapakuwa na ligi ya wanawake ya taifa. Wasichana walitoka kwenye riadha, kwenye mpira wa mikono, wengine kwenye mechi za mtaani walizocheza na kaka zao. Mzazi aliyeambiwa binti yake anataka kucheza mpira alikuwa na maswali mawili: nani atamwoa, na atakula nini. La pili lilikuwa gumu kujibika. Hata miaka mingi baadaye, ligi ilipokuwa imesimama, wachezaji wa timu ya taifa walilipwa fedha ambayo mwenzao wa ligi ya wanaume asingeikubali hata kuisikia, na kuuza vitu mtandaoni ili mwezi ufike mwisho lilikuwa jambo la kawaida kambini. Walicheza mbele ya majukwaa matupu, katika miji ya makaa ya mawe kama Cẩm Phả au mikoa ya mashamba ya mpunga kama Hà Nam.

Kwa kocha wa kiume mwenye jina, kupewa timu hiyo kulikuwa sawa na kuhamishiwa kituo cha mwisho wa njia. Lakini mchagua jembe si mkulima. Mwaka huo huo wa 1997, kwenye Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyofanyika Jakarta, timu hiyo changa ilirudi na medali ya shaba. Mwaka 2001, chini ya Mwingereza Steve Darby, ikapata dhahabu ya kwanza. Kisha Chung akachukua usukani na kuitetea dhahabu hiyo mwaka 2003, nyumbani Vietnam, na tena mwaka 2005, Ufilipino.

Baada ya hapo maisha yake yakawa ya kwenda na kurudi. Alikaa kwenye benchi la timu ya taifa ya wanaume, akafundisha klabu za wanaume, akaitwa tena kwa wanawake, akaondoka tena. Magazeti ya Vietnam yana neno la makocha wa aina hiyo: wazima moto. Nyumba ikiwaka wanaitwa. Moto ukizimika, anatafutwa fundi wa kigeni wa kujenga upya, na mzima moto anarudisha ndoo.

Mwaka 2014 unayaonyesha maisha hayo vizuri. Tarehe 21 Mei, katika uwanja ule ule wa Thống Nhất alikofunga bao ujanani, wanawake wa Vietnam walicheza na Thailand mechi moja ya kuamua nani aende Kombe la Dunia la 2015. Haikuwa timu ya Chung. Kocha alikuwa Mchina. Thailand ilishinda 2-1 mbele ya watu waliojaa kuja kushuhudia historia, nayo historia ikapandia basi la wageni. Wakati huo Chung alikuwa anaifundisha Thanh Hóa katika ligi ya wanaume, na msimu ulipokwisha timu hiyo ilikuwa nafasi ya tatu. Bingwa alikuwa Bình Dương wa Lê Thụy Hải. Wafungaji wawili wa siku ile ya 1976, miaka 38 baadaye, walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mawili ndani ya tatu bora ya ligi moja.

Shirikisho halikuchelewa kumpigia simu. Septemba aliwachukua wanawake waliovunjwa moyo na Thailand na kwenda nao kwenye Michezo ya Asia, Incheon, Korea Kusini. Robo fainali wakakutana na Thailand hao hao na kuwafunga. Walifika nusu fainali na kumaliza wa nne Asia, nafasi ambayo hawakuwa wameifikia kabla. Kisha timu ikapewa kocha kutoka Japani.

Siku moja, timu mbili

Chung alirudi mwaka 2016, na safari hii alikaa. Tarehe 24 Agosti 2017, kwenye Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki huko Malaysia, Vietnam ilikuwa na mechi mbili siku moja. Vijana wa kiume, wenye kizazi kilichosifiwa kuliko vyote vilivyotangulia, walicheza na Thailand wakafungwa 3-0 na kutolewa hatua ya makundi. Wanawake walicheza na wenyeji Malaysia wakijua kwamba dhahabu ingeamuliwa kwa tofauti ya mabao kati yao na Thailand. Wakafunga sita bila kufungwa, na dhahabu ikawa yao.

Usiku huo nchi ilikuwa na bingwa, lakini mjadala ulikuwa juu ya walioshindwa. Kocha wa wanaume, Nguyễn Hữu Thắng, alijiuzulu hapo hapo. Timu ya wakubwa ilikuwa na mechi ya kufuzu Kombe la Asia siku chache mbele, ugenini Kambodia, na haina kocha. Shirikisho likamwangalia mtu aliyekuwa ametoka kuvikwa medali. Chung akaacha sherehe, akaenda Phnom Penh na wanaume, akashinda 2-1. Mwezi Oktoba aliikaribisha Kambodia Hanoi, Uwanja wa Mỹ Đình, akashinda 5-0. Mechi mbili, pointi sita. Siku zile zile Park Hang-seo wa Korea Kusini aliwasili kuchukua timu, na Chung akarudi kwa wanawake wake.

Yaliyofuata upande wa wanaume yanajulikana Asia nzima: fainali ya Asia ya vijana chini ya miaka 23 mwezi Januari 2018, kombe la Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa mwaka huo, robo fainali ya Kombe la Asia 2019. Park akawa mtu wa kuchorwa ukutani. Mzima moto aliyemkabidhi timu yenye pointi zake mkononi hakulalamika hadharani. Alikuwa na kazi, na mpinzani mmoja wa kushughulika naye: Thailand.

Mwaka 2019 walikutana na Thailand katika fainali mbili. Ya kwanza ilikuwa mwezi Agosti, ubingwa wa Asia ya Kusini-Mashariki, Chonburi, nyumbani kwa Wathai: 1-0, bao la nahodha Huỳnh Như katika muda wa nyongeza. Ya pili ilikuwa tarehe 8 Desemba, Manila, fainali ya dhahabu ya Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki: 1-0 tena, muda wa nyongeza tena, mfungaji Phạm Hải Yến. Anayetaka kuijua timu ya Chung na aitazame namna hiyo ya kushinda. Hawakuwa na miili mikubwa. Walikimbia na kukaba dakika tisini, mechi ikasogezwa hadi pale ambapo miguu ya kila mtu imeisha, na hapo wakawa na bao moja zaidi.

Tet ndani ya India

Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 lilipanuliwa kutoka timu 24 hadi 32, na Asia ikaongezewa nafasi. Tiketi zilitolewa kwenye Kombe la Asia nchini India, Januari na Februari 2022.

Vietnam ilipiga kambi Uhispania kwanza, na huko korona ikaingia kikosini. Wengine walibaki nyuma Uhispania. Wengine walifika India wakajifungia vyumbani huku wenzao wakienda mazoezini. Mechi ya kwanza walifungwa 3-0 na Korea Kusini, ya pili 3-0 na Japani. Mechi ya tatu walitoka sare ya 2-2 na Myanmar, na pointi hiyo moja ikawaingiza robo fainali. Dhidi ya Uchina walitangulia kupata bao mapema kupitia Nguyễn Thị Tuyết Dung, winga wa Hà Nam anayepiga mpira kwa miguu yote miwili kiasi kwamba mwaka 2015 aliwahi kufunga kona mbili moja kwa moja katika mechi moja, moja kwa kila mguu. Uchina ikarudisha, ikashinda 3-1.

Ikabaki mlango mmoja wa kuingia moja kwa moja. Timu tatu zilizotolewa robo fainali, Vietnam, Thailand na Taiwan inayocheza kwa jina la Chinese Taipei, zingecheza zenyewe kwa zenyewe, na mshindi aende Kombe la Dunia. Siku ya pili ya mwaka mpya wa Tet, tarehe 2 Februari, Vietnam ikakutana na Thailand. Tet ndiyo siku ambayo kila Mvietnam anataka awe nyumbani, mbele ya madhabahu ya wazee wake, na sufuria la keki za wali zilizofungwa kwenye majani likiwa limeshaepuliwa. Wachezaji walikuwa Navi Mumbai, kwenye hoteli yenye vipimo vya pua kila siku. Walishinda 2-0. Aliyewanyima Kombe la Dunia pale Thống Nhất miaka minane nyuma alikuwa amelipwa.

Siku mbili baadaye Taiwan iliifunga Thailand 3-0, na hesabu ikageuka. Taiwan sasa ilikuwa na mabao matatu ya ziada, Vietnam mawili. Katika mechi ya mwisho sare ingewatosha Wataiwan. Vietnam ilitakiwa kushinda.

Tarehe 6 Februari, Uwanja wa DY Patil, dakika ya 7, beki Chương Thị Kiều akafunga kutokana na mpira wa kutengwa. Mapumziko yakafika 1-0. Dakika ya 50 Taiwan wakasawazisha. Kwa dakika sita tiketi ilikuwa mfukoni mwa Taiwan, na miguu ya Vietnam ilikuwa na mechi tano ndani yake na ugonjwa juu yake. Dakika ya 56 Nguyễn Thị Bích Thùy akapata mpira, akapiga, wavu ukacheza. 2-1. Zikabaki dakika zaidi ya thelathini za kulinda, na hiyo ndiyo kazi ambayo Chung alikuwa ameifundisha tangu 1997.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Vietnam ilikuwa na timu ya kwanza katika historia yake kwenda Kombe la Dunia la wakubwa. Wanaume waliokuwa wakijaza Mỹ Đình, wenye mishahara mikubwa na kocha wa kuchorwa ukutani, walikuwa hawajafika huko.

Eden Park

Kati ya India na New Zealand, Chung alichukua dhahabu mbili nyingine za kanda. Mei 2022, Cẩm Phả, mji wa makaa ya mawe, Thailand ilifungwa 1-0 kwa bao la Huỳnh Như. Mei 2023, Phnom Penh, Myanmar ilifungwa 2-0. Ilikuwa dhahabu ya nne mfululizo, na ya sita kwake. Kati ya dhahabu nane ambazo wanawake wa Vietnam wamepata katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki, sita zina jina lake.

Droo ya Kombe la Dunia haikuwa na huruma. Kundi E lilikuwa na Marekani, bingwa mtetezi, na Uholanzi, aliyecheza naye fainali ya 2019, pamoja na Ureno. Vietnam ilikuwa mmoja wa wageni wanane wa mara ya kwanza, pamoja na Morocco na Zambia kutoka Afrika. Mwezi Juni, kwenye mechi ya kirafiki mjini Offenbach, Ujerumani ilisukumwa hadi kushinda kwa shida 2-1, na Thanh Nhã, winga kijana mwenye mbio, akafunga dakika za majeruhi. Watu nyumbani wakaanza kuota. Wiki chache baadaye, kwenye mechi ya mazoezi isiyo na watazamaji, Uhispania ikawafunga 9-0 na kuwaamsha.

Chung alijua kinachowezekana. Mwaka 2019 Marekani hiyo hiyo ilikuwa imeifunga Thailand 13-0, na hakuna mtu wa Asia ya Kusini-Mashariki aliyesahau namba hiyo. Tarehe 22 Julai 2023, Eden Park, Auckland, alipanga mabeki watano na viungo wanne mbele yao, akamwacha Huỳnh Như peke yake mbele. Mashabiki wa kwetu wangesema amepaki basi, na wangekuwa sahihi.

Marekani walifunga bao la kwanza dakika ya 14. Kabla ya mapumziko wakapata penalti. Mpigaji alikuwa Alex Morgan, ambaye peke yake alifunga mabao matano katika ile mechi ya Thailand. Kipa Trần Thị Kim Thanh alisubiri, akaruka, akaucheza mpira; Morgan akaukimbilia uliporudi, akaupiga nje. Matokeo ya mwisho yalikuwa 3-0. Kwa bingwa wa dunia ulikuwa ushindi wa kunung'unikia.

Ureno ikashinda 2-0. Uholanzi, mjini Dunedin, ikashinda 7-0, na siku hiyo ukuta ulibomoka kweli. Vietnam ilirudi nyumbani bila pointi na bila bao. Hakuna namna ya kuzipamba namba hizo, na mwalimu hakujaribu. Alikuwa mtu aliyepita miaka sabini, mvi kichwani, na alijua umbali uliobaki kuliko waandishi waliomuuliza.

Njia

Mwisho wa mwaka 2023 Chung aliaga. Maua yalitolewa, picha zikapigwa, na ikaonekana hatimaye mzima moto anapumzika. Mwaka 2024 alikuwa amesharudi kwenye benchi, kwa sababu zile zile za siku zote: nafasi ilikuwa wazi na simu ililia.

Huku nyuma mambo yalikuwa yamebadilika kiasi. Huỳnh Như, binti wa Trà Vinh kwenye mdomo wa Mto Mekong, alikwenda kucheza Ureno mwaka 2022, Mvietnam wa kwanza wa kike kuchezea klabu ya Ulaya. Baada ya India, zawadi zilitoka serikalini na kwenye kampuni ambazo awali hazikuwa zinajua ratiba ya ligi ya wanawake. Majukwaa hayajajaa, na mshahara wa kawaida wa klabu bado si wa kujivunia. Ila lile swali la mzazi, atakula nini, sasa lina angalau jibu moja la kutaja kwa jina.

Wanaume bado wanasubiri. Juni 2024 walitolewa mapema katika safari ya kuelekea Kombe la Dunia la 2026.

Katikati ya mwaka 2025 Chung aliwapeleka wanawake Việt Trì, mkoa wa Phú Thọ, kwa mechi tatu za kufuzu Kombe la Asia la 2026. Wapinzani walikuwa Maldivi, Falme za Kiarabu na Guam, na zote zilifungwa mabao mengi bila kupata hata moja. Miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoanza kufundisha wanawake. Walimwita mwalimu na wakajiita watoto wake. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza kwamba mwanamke wa Kivietnam anaweza kufika Kombe la Dunia, maana walishaona mtu akifika.

Việt Trì iko kwenye njia ya reli inayotoka Hanoi kwenda Lào Cai, mpakani mwa Uchina. Safari hii treni zilikuwa zimemtangulia.